Mwalimu Aliyeonja Hewa

Alikozaliwa sikujui, babu zake sikuwajua, na jina lake kamili nililiona siku moja limeandikwa kwenye mlango wa ofisi ya shule, nikalisahau kabla sijafika nyumbani. Kwetu alikuwa Mwalimu tu. Mwalimu wa jioni, ukitaka kumtenga na wale wa asubuhi waliofundisha watoto. Sisi wanafunzi wake tulikuwa watu wazima, wengine na wajukuu, tumebanwa kwenye madawati ya watoto mpaka magoti yanagusa masikio. Mimi mchana nilikaanga vitumbua karibu na soko la Kilwa Masoko, alasiri nanawa mafuta, nakwenda kusoma.

Kila nikianza kueleza habari zake naishia kwenye mtungi mmoja wa hewa, basi bora niutaje mapema. Ni ile mitungi wapiga mbizi wanayojifunga mgongoni ili wapumue chini ya maji. Mtungi huo Mwalimu ndiye aliyeuchagua, na aliyekuwa apumue humo ni mdogo wangu, Hamisi, mtoto wa mwisho wa mama yangu. Na Mwalimu huyohuyo, muda si mrefu kabla ya hapo, alikuwa amejichagulia viatu vya mtumba mjini Lindi, akavileta mpaka Masoko, vyote viwili vya mguu wa kushoto. Sasa utaelewa kwa nini usingizi ulinihama.

Viatu vile alivivaa. Mtu mwingine angevitupa, yeye alisema, "Mguu wa kulia nao ujifunze." Ukitazama nyayo zake mchangani ungeapa wamepita vilema wawili wamekumbatiana.

Alikuwa na sauti. Akisema "Ufunguo uko wapi?" kunguru wa Masoko walihamia Kivinje. Lakini ukimwambia habari ya kuingia baharini, sauti hiyo ilipungua ikawa kama ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani waliyegombana naye. Bahari aliijua kwenye ramani. Alitufundisha kupwa na kujaa, akatuchorea mikondo kwa chaki, halafu kuoga anaoga kwa kopo, kasimama mbali na ndoo kama vile ndoo inauma. Hakujua kuogelea. Tulimcheka, naye akacheka, lakini ufukweni hakushuka.

Darasani palikuwa na mtungi wa udongo wa maji ya kunywa. Kabla mtu hajanywa, Mwalimu alichota kwa kata, akanywa yeye kwanza, akasubiri kidogo huku ametutazama, ndipo akampa wa dawati la mbele. Mgeni angedhani ana kiu ya ngamia.

"Aliyechota aonje kwanza," alisema. "Ukimpa mtu kitu cha kuingia mwilini mwake, kipite kwako kabla hakijafika kwake."

Hilo si jambo geni pwani. Mwenye nyumba huonja mbele ya mgeni, mgeni ajue yuko salama. Ila Mwalimu aliligeuza sheria ya maisha. Akimpeleka mgonjwa zahanati, mchanganyiko wa dawa anaulamba kwanza. Mama mmoja alimpa mtoto wake uji mbele yake bila kuuonja. Mwalimu akaunywa kikombe kizima, mtoto akalia njaa. Hapo alizidisha, hata mimi nasema.

Na uongo aliuchukia kuliko bahari. Tulikuwa na mwenzetu mmoja, kila asipofika darasani anasema bibi yake amefariki. Mwalimu akavumilia, akavumilia, mwisho akavaa koti lake, akaenda kuhani. Akamkuta bibi mwenyewe uani anatwanga kisamvu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Pole na msiba wako."

"Nani amekufa?"

"Wewe, bibi. Tumekuzika darasani hatuna hesabu. Nimeona aibu sijaleta hata ubani."

Bibi alimkimbiza mjukuu wake kwa mchi mpaka darasani. Tangu hapo hakuna aliyethubutu. Mwalimu alisema uongo ni kama kupaka rangi juu ya kutu: kutu haiendi popote, inapata shuka tu.

Miaka ile ndiyo ruksa ya biashara ilikuwa imeingia. Maduka yaliyokuwa na kiberiti na mwenye duka tu yakajaa vitu ambavyo hata kuviita hatujui. Redio, saa, mashati ya watu wa mbali yenye majina ya watu wa mbali. Mwalimu alitazama, akatikisa kichwa. "Zamani sisi tulitafuta vitu. Sasa vitu vinatutafuta sisi. Jifunzeni kuchagua." Basi masomo yake yakawa hayo. Betri unaijuaje imekufa. Chupa ya chai unaisikilizaje sikioni. Watu wakaanza kumwita awachagulie. Alipatia mara nyingi. Akikosea, anakosea kwa fahari kubwa, kama ile redio ya shemeji yangu iliyokamata stesheni moja ya lugha ambayo mpaka leo hatujaitambua.

Na ruksa hiyo ndiyo iliyowaleta matajiri wa majongoo ya bahari. Kwetu jongoo la bahari hata paka halili. Kumbe kuna watu ng'ambo wanalilipia kama dhahabu. Wale wa maji mafupi wakaisha haraka, ikabidi watu wazame. Tajiri mmoja akaweka mashine ya kushindilia hewa, kompresa, karibu na ufukwe. Ukipiga mbizi kwa mtungi wake, nusu ya ulichokusanya ni yake. Ukija na mtungi wako mwenyewe, anakujazia tu, majongoo unamuuzia kwa bei ya mtu huru.

Hamisi akasema, "Dada, mimi nanunua mtungi."

Sisi ni watu wa Tingi, watu wa ufuta na mihogo. Bahari tuliiona ukubwani. Nikamwambia, "Hamisi, baba yako alizama kwenye nini? Kwenye shamba la mihogo?"

Akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu getini kwa tajiri alikuwa anakaa kijana mmoja aliyepanda juu kwa haraka kutoka kilindini, miguu ikalala na haikuamka tena. Na mwingine alikwisha zikwa. Huyo hata chini hakukaa sana. Walimkuta anaelea, midomo myekundu kama mtu aliyekula tambuu. Wavuvi walisema shetani wa bahari. Mwalimu alisema hapana, hewa. Moshi wa injini ukiingia mtungini, huusikii wala huuoni, na kule chini unakuua ukiwa unatabasamu.

Nikamfuata. "Mwalimu, mdogo wangu hasikii. Kama lazima anunue, basi nichagulie mtungi usiomuua."

Akatazama viatu vyake. "Binti Tingi," akasema, hivyo ndivyo alivyoniita, "ujue unamwomba nani."

"Najua."

"Na uwezo wenu ni wa vitumbua."

"Ndiyo hivyo."

"Basi tutatafuta wa bei ya vitumbua. Rahisi si dhambi. Dhambi ni kufichwa."

Tukaenda Somanga, yeye, mimi na Hamisi. Pale barabarani kulikuwa na muuzaji aliyeuza kila kilichoshuka kwenye lori: matairi, vitanda, mabeseni, na mitungi mitatu ya hewa imesimama kivulini kama mahujaji. Mmoja wa njano unang'aa, mkubwa, bei yake chini kabisa. Wa pili wa bluu, mzito. Wa tatu mdogo, umekwaruzika mwili mzima, hauna rangi yoyote, unafanana na sufuria la msibani.

Hamisi akaukumbatia wa njano. "Huu hapa! Mkubwa, mpya, rahisi."

"Kijana ana macho," muuzaji akasema. "Huo umetoka Ulaya, haujawahi hata kukohoa."

Mwalimu akatoa ufunguo wa darasa mfukoni, akaanza kuukwaruza.

"Mwalimu! Unaniharibia mali!"

"Anayejipaka poda saa hizi, ama anakwenda harusini ama anaficha ndui. Nataka kujua harusi iko wapi."

Chini ya njano kukatoka nyekundu. Akakwaruza tena, zikatoka herufi, na mchoro wa moto wenye ndimi. Ulikuwa mtungi wa kuzimia moto.

Muuzaji hata hakuona haya. "Si unaingia hewa? Hewa ni hewa."

"Na samli ni mafuta," Mwalimu akamjibu. "Kaweke kwenye gari."

Wa bluu aliuinamisha, akauinua upande wa pili, akatuambia tusikilize. Ndani kitu kilitembea, shaaa, kama ufuta kwenye kibuyu. Sisi wa Tingi sauti hiyo tunaijua tangu tumboni. Ila ule haukuwa ufuta. Ilikuwa kutu, chuma kinajila chenyewe kwa ndani. Siku moja kingejazwa hewa mpaka kipasuke, na hapo si Hamisi peke yake angeondoka, ungeondoka mji.

Ukabaki ule mdogo. Shingoni ulikuwa na alama zilizogongwa na waliowahi kuupima, zinasomeka zote, hakuna aliyezifunika. Akaugonga kwa ufunguo, ukalia ngeee, mlio mrefu, msafi.

"Huu."

"Mwalimu!" Hamisi akaruka. "Mdogo kama chupa ya chai! Nitakaa chini dakika ngapi?"

"Chache."

"Sasa faida yake?"

"Hiyo ndiyo faida yake. Utakurudisha juu kabla ubishi wako haujakumaliza."

Hamisi alinuna kutoka Somanga mpaka Masoko. Mimi nilikaa katikati yao kwenye lori, mtungi mapajani, najiuliza: mlio msafi, sawa, lakini hata vile viatu, dukani vilikuwa vinang'aa.

Tulipofika nyumbani, fundi baiskeli wa jirani akaufungua koki, Mwalimu akamulika ndani kwa tochi. Ndani kweupe. Akasema koki irudishwe kesho, mtungi ulale wazi ukauke. Akaenda zake.

Hatukumpa mama habari zote, tulimwambia tu kwamba Hamisi atakuwa anavuta pumzi kutoka mle. Kumbe tumekosea kumwachia mtungi mpya ulio wazi.

Asubuhi fundi akarudisha koki, Mwalimu akaja, tukaondoka wote wanne, mama naye amejitanda khanga yake ya safari, amebeba kikapu cha chakula cha mwanawe.

Kwa tajiri palikuwa na vurugu. Boti inanguruma, wapiga mbizi wanafokeana, kompresa inapiga kelele usisikie hata dhambi zako. Mwalimu akaizunguka ile mashine. Nikamwona amesimama, anaangalia chini. Ule mpira unaovuta hewa ya kujaza ulikuwa umelala mchangani, mdomo wake karibu kabisa na ekzosi, bomba la moshi wa injini.

Akamwendea fundi wa kompresa kwa upole. "Fundi, habari za kazi? Mpira wako huu, naona kama unavuta moshi."

Fundi hakugeuka hata shingo. "Mwalimu, wewe kafundishe a e i o u. Upepo unapeleka moshi kule."

"Upepo hugeuka."

"Nawe geuka, uende."

Wapiga mbizi wakaangua kicheko. Hamisi naye akacheka, ili asionekane wa Tingi. Mtungi ukajazwa, akaupokea, akaanza kujifunga.

Mwalimu akaushika ukanda. "Bado. Nimechagua mimi."

"Mwalimu, boti inaondoka!"

"Aliyechota nani?"

Hamisi akanitazama. Mimi nikamtazama Mwalimu, naye ukanda hauachii, macho yako baharini.

"Onjea hapahapa nchi kavu basi," nikamwambia.

"Chakula huonjwa pale kinapoliwa."

Akavua koti, akanipa. Viatu hakuvua. Akafungwa ule mtungi, akatiwa kile kipande cha mdomoni, akashuka majini na viatu vyake viwili vya kushoto, mtu ambaye ndoo aliiogopa. Maji yakafika magoti, kiuno, kifua. Hamisi akaenda naye, amemshika bega, utani umemwisha. Mwalimu akageuka akatutazama, kama anavyotutazama akishakunywa maji ya darasa. Kisha akapiga magoti, kichwa kikapotea.

Mapovu yakapanda. Mama akaanza kusoma kimoyomoyo, midomo inacheza. Mapovu yakapanda tena. Nilihesabu kila povu kama mtu anayehesabu wanawe wanaotoka kwenye nyumba inayoungua. Halafu mapovu yakakoma.

Hamisi akainama. Maji yakapasuka, Mwalimu akatoka juu macho mekundu, anakohoa mapafu nusura yafike Mafia.

"Moshi!" ile sauti ya kuhamisha kunguru. "Moshi! Mtungi umejaa moshi!"

Boti ikazimwa. Tajiri mwenyewe akatoka ndani na msuli. Fundi akaja mbio, akafungua koki, akanusa. Uso wake ukabadilika. Mpiga mbizi wa kwanza naye akanusa, na wa pili. "Kweli, moshi!" Mtu akakumbuka yule aliyezikwa, midomo yake myekundu, akalitaja jina lake kwa sauti. Kisha wote, kama wameitwa, wakageuka kuutazama ule mpira mchangani na ekzosi inavyoupulizia.

Fundi hakungoja kuambiwa na tajiri. Alichukua mti mrefu, akaufunga mpira juu yake, upande wa upepo, juu kuliko kichwa cha mtu yeyote. Mitungi yote iliyokwisha jazwa ikamwagwa hewa yake, mlio ukatoboa masikio. Ikajazwa upya. Fundi akaunusa wetu.

Akarudi nyuma. "Bado moshi."

Hamisi amekaa chini, kichwa mikononi. Tajiri anamwangalia fundi, fundi anaiangalia mashine, na mashine haina la kusema.

Mama akasogea na kikapu chake. Akainama, akanusa koki kama anavyonusa mchuzi.

"Moshi gani huo? Si ubani wangu?"

"Mama?"

"Mtungi mpya unauachaje bila kufukizwa? Jana niliuinamisha juu ya chetezo mpaka ukakolea. Mwanangu avute pumzi isiyo na harufu, kwani yeye yatima?"

Naapa, kicheko kilichopigwa siku ile kilisikika Kilwa Kisiwani. Hata yule kijana wa getini alicheka mpaka akashika ukuta. Mwalimu naye alicheka, ameketi mchangani, maji yanamtoka viatuni, kichwa amekishika kwa mikono miwili. Fundi wa kompresa peke yake hakucheka. Alitazama ule mpira juu ya mti, akatazama ekzosi. Hakuushusha. Mpaka tajiri yule anafunga biashara na kuondoka, mpira ule ulikaa juu.

Mtungi ukamwagwa na kujazwa tena na tena mpaka mama mwenyewe akalalamika kwamba wamemaliza ubani wake. Mwalimu akaonja mara nyingine. Hamisi akaenda, akarudi mapema, akinuna kwamba mtungi ni mdogo. Alinuna hivyo msimu mzima, akiwa hai. Kisha majongoo yakaisha, akarudi kwenye ufuta. Leo ana wajukuu, anawadanganya kwamba alipigana na papa.

Mwalimu alikuja kuhamia Lindi kwa binti yake. Miaka ikapita mingi. Nikasikia amelazwa, kifua. Nikapanda basi, nikashuka stendi, bodaboda akanipeleka hospitali.

Alikuwa amelala mgongo umeinuliwa kwa mito. Mwili umepungua, na ile sauti imebaki kama upepo kwenye tundu la ufunguo. Chini ya kitanda nikaona viatu. Vya kulia na kushoto. Binti yake ndiye aliyemnunulia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Akanitazama sana. "Binti Tingi. Mama yako?"

"Ametangulia, Mwalimu."

Akafumba macho, akamwombea. Kisha akasema, pumzi moja kwa neno moja, "Ubani wake... ulikuwa mzuri. Nilipovuta tu... nikamkumbuka mama yangu. Naye alifukiza mitungi."

"Ulipovuta tu? Kumbe siku ile ulijua ni ubani?"

"Pumzi ya kwanza."

"Sasa mbona ulipiga kelele moshi?"

"Mpira nilikuwa nimeuona. Nimesema kwa maneno mazuri... nikaambiwa a e i o u. Na mdogo wako anafunga mkanda."

"Kwa hiyo Mwalimu ulidanganya! Wewe, uliyemhani bibi wa watu!"

Mabega yakamtikisika, alikuwa anacheka. "Ubani unatoa nini? Asali?" Akapumzika. "Na kichwa kiliniuma... siku nzima. Ubani hauumizi kichwa vile."

Nikamwona tena ameushika ule ukanda, macho baharini. Alijua kabla hajashuka kwamba moshi wa injini umo mle, na aliunywa.

Muuguzi akaja anasukuma mtungi wa hewa, mrefu, kwa sababu ule wa kitandani umekwisha. Akabadilisha, akafungua koki, akamletea ile barakoa usoni. Mwalimu akainua mkono, akaizuia. Kifua kinapanda na kushuka kama cha ndege aliyeshikwa.

"Babu, vaa, utazidiwa," muuguzi akasema.

Alikuwa ananitazama mimi. "Nani... kachota?"

Nikaelewa. Nikaichukua ile barakoa mkononi mwa muuguzi.

"Mama! Hiyo ni ya mgonjwa!"

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana."

Nikaiweka usoni pangu, nikavuta. Nikasubiri kidogo, huku nimemtazama.

"Kuna ubani?" akauliza.

"Hakuna, Mwalimu."

"Haya, lete."